2147483647: kikomo cha biti 32 ni namba tasa. Bahati, au kuna kitu?

#1 Biti31
Wakuu, salaam.

Kila aliyewahi kuandika programu ameshakutana na 2147483647. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1), biti moja ikiwa imetengwa kwa ajili ya alama ya hasi au chanya. Ongeza moja tu hapo, kompyuta nyingi zinakuangushia -2147483648.

Juzi nikaitupia kwenye programu ya kutafuta vigawo, nikitegemea itavunjika vipande kama namba nyingine za ukubwa huo. Imegoma. Ni namba tasa.

Sasa naomba kueleweshwa: waliobuni kompyuta waliichagua makusudi, au imetokea tu? Maana ukiokota namba yoyote yenye ukubwa wa bilioni mbili na kitu, uwezekano wa kuwa tasa ni kama 1 kwa 21. Bahati za namna hii mimi siziamini.

#2 Jamvi
Nimeshika siti ya mbele. Wajuzi shukeni.

#3 MzeeWaVipeo
Imetokea tu, mkuu. Biti 32 ni mambo ya wahandisi. Ukishakubali baiti ya biti 8, unazidisha mbili mbili: 16, 32, 64. IBM ndio waliousambaza sana mtindo huo kwa System/360 mwaka 1964. Sidhani kama kuna mtu kwenye kikao aliuliza kama 2^31 − 1 (2 kwa kipeo cha 31, toa 1, ndiyo hiyo 2147483647) ni tasa.

Watazame ndugu zake wenyewe:

Biti 8: 127, tasa.
Biti 16: 32767 = 7 × 31 × 151.
Biti 32: 2147483647, tasa.
Biti 64: 9223372036854775807 = 7 × 7 × 73 × 127 × 337 × 92737 × 649657.

Mbili ndiyo, mbili hapana. Mpango gani huo wa nusu nusu?

#4 Kokotoa
@MzeeWaVipeo umekatisha orodha pale inapokufaa. Anzia biti 4: kikomo ni 7, tasa. Malizia biti 128: 2^127 − 1, ina tarakimu 39, nayo tasa. Lucas aliithibitisha 1876, kompyuta hazijazaliwa.

Halafu hizo "hapana" zako zina sababu inayojulikana. Kipeo kikigawanyika, namba nzima inagawanyika. 15 ni 3 × 5, kwa hiyo 2^15 − 1 lazima igawanyike kwa 2^3 − 1 ambayo ni 7, na kwa 2^5 − 1 ambayo ni 31. Angalia vigawo ulivyoviweka wewe mwenyewe hapo juu, 7 na 31 vimekaa mstari wa mbele. Na 63 ni 7 × 9, hadithi ni ile ile.

Tukiziondoa hizo, vinabaki vipeo 3, 7, 31 na 127. Vyote vinne vimetoa namba tasa. Nne kwa nne mnaita bahati?

#5 MzeeWaVipeo
Kipeo kuwa tasa hakutoshi. 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 = 2047 = 23 × 89. 23 ni tasa, lakini 2^23 − 1 = 47 × 178481. 29 ni tasa, lakini 2^29 − 1 = 233 × 1103 × 2089. Umechagua matunda yaliyoiva.

#6 Kokotoa
Sijachagua kitu. 11, 23 na 29 haziandikiki kama 2^n − 1. Zangu zote zinaandikika: 3, 7, 31, 127. Ni Mersenne iliyozaliwa na Mersenne. Rudi kasome #4 taratibu.

#7 binti_hesabu
Jamani, sisi wengine tunafuatilia kwa mbali. Mersenne ni nani tena?

#8 Kumbukizi
@binti_hesabu karibu. Marin Mersenne alikuwa mtawa wa Ufaransa. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo ambavyo, kwa madai yake, 2^p − 1 inakuwa tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Namba za mtindo huo zikabaki na jina lake. Alipatia 31, lakini 67 na 257 zilikuwa batili, na alisahau 61, 89 na 107. Kabla yake Cataldi wa Italia alikuwa amethibitisha 17 na 19, halafu akajiongeza na kudai 23, 29, 31 na 37. Fermat akaangusha 23 na 37, Euler akaangusha 29. Ikabaki 31 peke yake bila mtu wa kuithibitisha wala kuiangusha.

Aliyemaliza kazi ni Euler, kwenye barua kwa Bernoulli mwaka 1772. Wakati huo macho yalikuwa karibu yamekufa kabisa. Na hapa ndipo ninapoipendea hii namba, maana njia aliyotumia inaeleweka na mtu yeyote anayejua kugawanya.

Kuhakikisha kwamba 2147483647 ni tasa, inatosha kujaribu namba tasa zote hadi kipeuo chake cha pili, yaani 46340. Hizo ziko karibu 4,800. Kwa mkono ni adhabu. Ila kigawo chochote tasa cha 2^31 − 1, ukikigawa kwa 62, lazima kibakize 1. Hiyo inatokana na kanuni ya Fermat. Pia ukikigawa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Unganisha masharti hayo mawili: kigawo lazima kiwe cha umbo 248k + 1 au 248k + 63. Zote 3, 5, 7, 11, 13 zimekufa hata hujaanza kazi. Namba tasa ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311, inayofuata ni 1303. Kutoka 4,800 unabaki na themanini na kitu. Mzee akazigawa zote, hakuna iliyoingia.

#9 Jamvi
Kipofu anagawa namba ya tarakimu kumi mara themanini, mimi nina kikokotoo na 13 × 17 naibonyeza mara mbili kuhakikisha.

#10 NuruYaNamba
Mnazunguka sana. Jumlisheni tarakimu zake: 2+1+4+7+4+8+3+6+4+7 = 46. Binadamu ana kromosomu 46. Tarakimu 0, 5 na 9 hazimo kabisa. Namba hii imebeba ujumbe, ila hamtaki kuona.

#11 MzeeWaVipeo
@NuruYaNamba tarakimu za 199999 nazo zina jumla ya 46. Ujumbe wake unasemaje?

#12 NuruYaNamba
Dhihaka ndiyo kimbilio la aliyeishiwa hoja.

#13 Jamvi
Mkuu #10 ungeiandika kwa baineri ungeona ujumbe wenyewe: moja, moja, moja, mara thelathini na moja. Hakuna sifuri hata ya dawa. Namba inajisifu tu.

#14 Patashika
Naomba nimjibu Kokotoa, maana hoja yake ya #4 na #6 inanukia vizuri na hiyo ndiyo hatari yake.

Unasema ukichukua Mersenne iliyo tasa na kuifanya kipeo, unapata nyingine tasa. Vema, tuendelee na orodha. Baada ya 3, 7, 31 na 127 zinafuata hizi:

8191 ni tasa. Je, 2^8191 − 1? Hapana, inagawanyika kwa 338193759479.
131071 ni tasa. 2^131071 − 1 inagawanyika kwa 231733529.
524287 ni tasa. 2^524287 − 1 inagawanyika kwa 62914441.
Na mhusika wetu, 2147483647. Ukiifanya kipeo, 2^2147483647 − 1 inagawanyika kwa 295257526626031.

Nne kwa nne, kisha sifuri kwa nne. Kama ni sheria, ni sheria iliyochoka mapema.

Kuhakiki vigawo hivyo ni rahisi, kanuni ni ile ile ya Kumbukizi pale #8. Mfano 62914441 ni 60 × (2 × 524287) + 1. Umbo limetimia.

#15 Kokotoa
@Patashika hujavunja hoja, umeichuja. Catalan alikwenda na mnyororo mkali zaidi: anza na 2, kila jibu liwe kipeo kinachofuata. 2 inatoa 3, 3 inatoa 7, 7 inatoa 127, 127 inatoa 2^127 − 1. Zote tasa. Inayofuata baada ya hapo hakuna aliyeiangusha mpaka leo.

#16 Patashika
Na 2147483647 iko wapi kwenye huo mnyororo? Haimo! Imezaliwa na 31, 31 imezaliwa na 5, na 5 haiandikiki kama 2^n − 1. Umekimbilia nyumba ambayo mhusika wetu si mwenyeji.

#17 Kokotoa
Nilikuwa naongelea sura ya jumla.

#18 Jamvi
😂😂 Sura ya jumla imetokea dirishani.

#19 Mtambo_wa_kale
Niongeze ushahidi upande wa MzeeWaVipeo. Watu wanadhani 32 iliandikwa mbinguni. Kompyuta nyingi za zamani zilikuwa na "maneno" (fungu la biti ambalo kompyuta hulishughulikia kwa mkupuo) ya urefu mwingine kabisa. IBM 7090 na PDP-10 zilikuwa biti 36. PDP-8 ilikuwa biti 12. PDP-1 biti 18. CDC 6600 biti 60. Chukueni kikomo cha kila moja, biti moja ikiwa ya alama:

Biti 12: 2047 = 23 × 89.
Biti 18: 131071, tasa.
Biti 36: 34359738367 = 31 × 71 × 127 × 122921.
Biti 60: 576460752303423487 = 179951 × 3203431780337.

Kama biti 36 zingeshinda soko, huu uzi usingekuwepo. Au ungeulizwa kwa nini namba imegawanyika kwa 31 na 127, na Kokotoa angekuwa na jibu.

#20 Biti31
Nashukuruni wakuu, nafuatilia. @Mtambo_wa_kale hiyo hoja ni nzito. Lakini bado naona 1 kwa 21 ni bahati kubwa mno.

#21 Patashika
Hiyo 1 kwa 21 ndiyo inayokupotosha. Hesabu hiyo ni ya namba iliyookotwa ovyo. Hii haikuokotwa ovyo. Kama ulivyoona #8, ikishakuwa na kipeo tasa, haiwezi kugawanyika kwa namba tasa yoyote iliyo chini ya 311. Imeingia ulingoni ikiwa imeshawapiga wagombea wote wadogo, ambao kwa kawaida ndio wauaji wakubwa. Wagstaff ana kanuni ya kukadiria uwezekano wa 2^p − 1 kuwa tasa. Ukiweka 31 unapata kama 0.34. Yaani 1 kwa 3. Bahati ya 1 kwa 3 haihitaji kikao cha siri.

#22 MzeeWaVipeo
Nakazia #21.

#23 Kokotoa
Ukadiriaji ni wa kabla ya kujua. Mimi nauliza sababu, nyie mnanipa uwezekano. Si kitu kimoja.

#24 kodi_usiku
Mimi hesabu zenu nimeziachia njiani, ila namba hii tuna ugomvi binafsi. Kuna mfumo niliukuta kazini, ulikuwa unajifia wenyewe kila baada ya wiki tatu na nusu hivi. Kila mtu akawa na mshukiwa wake: umeme, joto, mtandao. Mwisho nikakaa na kugawanya. Mfumo ulihesabu muda tangu uwashwe kwa milisekunde, kwenye biti 32. Milisekunde 2147483647 ni siku 24, saa 20, dakika 31 na sekunde 23. Hapo muda unageuka hasi, na programu inajiona imewashwa kabla haijawashwa.

Na kubwa linakuja. Mifumo mingi ya kizamani inahesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970. Tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 za UTC, sekunde zinafika 2147483647. Sekunde inayofuata, kwa mfumo ambao haujarekebishwa, ni tarehe 13 Desemba 1901.

#25 Jamvi
Kwa hiyo 2038 madeni yote yanafutwa?

#26 kodi_usiku
Au yanaanza kudaiwa tangu 1901. Usifurahi.

#27 binti_hesabu
Hata YouTube iliwahi kuifikia. Mwaka 2014 video moja ya muziki kutoka Korea Kusini ilivuka watazamaji 2147483647, ikabidi kihesabio kihamie biti 64.

#28 Kete
Nimesoma kurasa zote na sijaona mtu kataja kitu ambacho kwangu ndicho kikubwa. Biti31 anauliza kama ni bahati. Kumbe namba hii imetumika miaka mingi kutengeneza bahati yenyewe!

Chukua namba yoyote kati ya 1 na 2147483646. Izidishe kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, chukua baki. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, na kuendelea. Zinaruka ovyo kama kete. Park na Miller mwaka 1988 walipendekeza iwe kiwango cha chini kabisa ambacho programu yoyote ya namba za kubahatisha inapaswa kukifikia. Walitoa na kipimo: ukianza na 1, mara ya 10,000 lazima upate 1043618065. Ukipata kingine, umekosea kuandika programu.

Kwa nini 16807? Ni 7^5. Ukizidisha 7 kwa 7 mfululizo huku ukichukua baki, unapita kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646 bila kurudia, ndipo unarudi mwanzo. Na 2147483646 = 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. 5 haimo kwenye vigawo hivyo, ndiyo maana 7^5 nayo inapita njia nzima. Jambo hili linawezekana kwa sababu namba yetu ni tasa. Ingekuwa na vigawo, mzunguko mmoja usingeweza kupita namba zote.

Kwa hiyo maoni yangu ni ya tatu: wahandisi hawakuichagua kwa sababu ni tasa, ila ilipotokea kuwa tasa, watu waliishika na kuifanyisha kazi. Ndiyo maana leo inaonekana kama ilipangwa.

#29 Mtambo_wa_kale
@Kete sawa, lakini wapenzi wa namba za kubahatisha wa siku hizi wanaikimbia. Mzunguko wa bilioni mbili unaisha haraka kwa kompyuta ya sasa, na ukichora namba zinazofuatana kama nukta zinajipanga kwenye mistari.

#30 Kete
Ndiyo maana nikasema kiwango cha chini. Hakuna aliyesema cha juu.

#31 Ubao
Mleta mada, programu yako iligawa namba zote hizo? Kuna njia fupi zaidi, ya Lucas na Lehmer. Anza na 4. Piga kipeo cha pili, toa 2, chukua baki baada ya kugawa kwa namba unayoipima. Rudia mara p − 2. Ukiishia sifuri, ni tasa.

Jaribuni na 31, yaani p = 5: 4, kisha 14, kisha 194 ambayo inabakiza 8, kisha 62 ambayo inabakiza 0. Hatua tatu, tayari. Kwa 2147483647 ni hatua 29 tu. Njia hiyo hiyo ndiyo inayotumika kuhakiki majitu ya siku hizi.

#32 mgeni_njiani
Salaam. Nilisoma mahali kwamba hii ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote duniani.

#33 Kumbukizi
Hapana mkuu. Namba tasa haziishi, Euclid alishalionyesha hilo. Kubwa inayojulikana kwa sasa ni 2^136279841 − 1, iliyopatikana Oktoba 2024, tarakimu 41,024,320. Ya kwetu ina kumi. Pengine ulisoma kwamba ILIKUWA kubwa kuliko zote zilizojulikana, tangu Euler hadi 1867, Landry alipopata 3203431780337.

Angalieni hiyo namba ya Landry: ndiyo ile ile aliyoiweka Mtambo_wa_kale kwenye biti 60 pale #19.

#34 Ubao
@Kumbukizi hiyo 1867 inabishaniwa. Clausen aliandika kwa Gauss mwaka 1855 kwamba 2^64 + 1 = 274177 × 67280421310721, na hiyo ya pili ni tasa. Ni kubwa kuliko ya Landry na imetangulia miaka 12.

#35 Kumbukizi
Barua ilikaa kabatini zaidi ya karne. Kitu kisichotangazwa hakihesabiwi.

#36 Ubao
Ya Euler nayo ilikuwa barua.

#37 Kumbukizi
Ikachapishwa!

#38 Patashika
Wakati mnagombana, kuna mtu anastahili kutajwa. Peter Barlow, Uingereza, 1811. Namba hii inatengeneza namba kamilifu ya nane: 2^30 × 2147483647 = 2305843008139952128. Kamilifu maana yake vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinarudisha namba ile ile, kama 6 = 1 + 2 + 3. Barlow akaandika kwamba hiyo ndiyo itakayobaki kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu hazina faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Lucas na 2^127 − 1 yake akampita kwa mbali sana. 1883 padri wa Urusi, Pervushin, akaongeza 2^61 − 1.

#39 Jamvi
Kusema "haitatokea" kwenye hesabu ni kujitafutia kaburi la aibu.

#40 Mtambo_wa_kale
Kwa faida ya NuruYaNamba, kama unataka maajabu ya kweli hamia jirani. Biti 32 bila alama kikomo ni 4294967295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65537. Hizo ndizo namba tasa zote za Fermat (2^1 + 1, 2^2 + 1, 2^4 + 1, kipeo kikijirudufu kila mara) zinazojulikana, zote tano, zimekaa ndani ya namba moja. Kwa kazi ya Gauss maana yake umbo sawa lenye pande 4294967295 linachoreka kwa rula na bikari. Kwa idadi witiri ya pande, hakuna kubwa zaidi inayojulikana kuchoreka. Ongeza 2 unapata 4294967297, ambayo Fermat aliamini ni tasa, Euler akaivunja 1732: 641 × 6700417.

#41 NuruYaNamba
Sasa mnaanza kuelewa.

#42 MzeeWaVipeo
Hakuna kinachoeleweka hapo zaidi ya a² − b². 2^32 − 1 = (2^16 − 1)(2^16 + 1), endelea kuvunja mpaka uchoke, Fermat wanajitokeza wenyewe.

#43 Kokotoa
Mzee, kwa 4294967295 unakubali kuna sababu, kwa 2147483647 unasema bahati. Chagua upande.

#44 MzeeWaVipeo
Ya kugawanyika ina sababu kwa sababu tumeiona. Ya kutogawanyika, nionyeshe sababu nyingine zaidi ya zile themanini za Euler kugoma kuingia.

#45 Kokotoa
Nipe muda. Na ile inayofuata kwenye mnyororo wa Catalan ikithibitishwa kuwa tasa, huu uzi nitaufufua.

#46 Ubao
Kipeo chake chenyewe kina tarakimu 39. Hatua za Lucas na Lehmer ni nyingi kiasi hicho, na kila hatua ina namba isiyoandikika popote. Utaufufua ukiwa nani?

#47 kodi_usiku
Na tarehe ya kufufuliwa mtahifadhi kwenye biti ngapi?